Mlipuko Ukiingia Kusini: Namna ya Kulinda Akili Yako na ya Watu wa Nyumbani Kwako

Julai 2022 simu zetu hapa Mtwara, kusini mwa Tanzania, hazikupumzika. Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi, kuna ugonjwa, watu wanatoka damu puani, wanaanguka, wanakufa. Kabla majibu ya maabara hayajatoka, mitaani ulishapewa jina: Ebola. Mama mmoja jirani yangu, mwenye binti aliyeolewa huko Ruangwa, alikaa siku tatu hakuna kinachopita kooni isipokuwa chai. Kisha Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akatangaza: vipimo vya Ebola, Marburg na korona vimeonyesha hakuna, ni homa ya mgunda, inayoletwa na bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, na ukiwahi inatibika kwa antibayotiki. Wagonjwa walikuwa 20, na 3 kati yao walishafariki. Msiba ulibaki msiba, lakini yule mama usiku ule alikula. Ugonjwa ulikuwa uleule wa asubuhi. Tofauti ni kwamba sasa ulikuwa na jina, na njia ya kuukwepa, na dawa.

Napita nyumba kwa nyumba kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na niliianza kazi hiyo kabla ya korona. Nililoliona miaka yote hiyo ni hili: mlipuko hutuongezea mzigo na papo hapo hutunyang'anya mahali pa kuutua. Baraza inavunjika. Kijiwe cha kahawa kinabaki mabenchi matupu. Maiti inazikwa na watu wachache, matanga hayakaliwi, ngoma ya mwali inaahirishwa. Watu wa kusini hatujazoea kubeba jambo peke yetu, ndiyo maana wengi walivunjika mwaka 2020 na 2021 bila hata kuugua. Na si sisi tu: Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Hatua zote hapa chini zinatafuta jambo moja, kurudisha mahali pa kutulia mzigo bila kuambukizana.

Hatua ya kwanza: bandika karatasi nyuma ya mlango

Chukua karatasi ya daftari na kalamu. Andika majibu ya maswali matatu kuhusu ugonjwa uliopo: unaambukizwaje, unazuiwaje, na nikiona dalili naenda wapi. Majibu yachukue kwa mtu wa zahanati, kwenye redio, au piga 199, namba ya Wizara ya Afya isiyokatwa pesa. Usijaze karatasi. Mistari mitatu, minne inatosha.

Maswali haya yana maana kwa sababu kila ugonjwa una mlango wake. Kipindupindu hupita kwenye maji na chakula, kwa hiyo kumkwepa jirani anayepita njiani hakukusaidii kitu, bali kuchemsha maji. Korona hupita kwenye hewa, kwa hiyo madirisha wazi na barakoa kwenye daladala ni kazi ya maana. Homa ya mgunda iko kwenye maji na udongo uliokojolewa na panya au mifugo, kwa hiyo viatu shambani. Asiyejua mlango wa ugonjwa huogopa kila kitu, na anayeogopa kila kitu huchoka ndani ya wiki moja, akaacha hata yale machache yanayomkinga.

Acha nafasi chini ya karatasi. Tutaongeza mistari.

Hatua ya pili: pima habari kama unavyopima dawa

Mara mbili kwa siku. Asubuhi baada ya kupata kifungua kinywa, na jioni kabla jua halijazama. Usiku usisikilize wala kusoma chochote cha ugonjwa, kwa sababu ukilala na sauti ya mtu anayelia kwenye simu, utaamka nayo.

Sauti za WhatsApp ndizo zinazoumiza kuliko zote. Mtu asiyejitaja anasema yuko hospitali fulani, watu wanaisha. Kabla hujaituma kwa shemeji yako, jiulize nani kasema, lini, na yeye kajuaje. Ukikosa jibu moja, futa. Kundi la familia linalotuma vifo usiku kucha, lizime sauti. Huna haja ya kutoka na kuleta ugomvi.

Niseme neno kuhusu nyungu. Mwaka 2020 na 2021 nyumba nyingi zilikuwa zinajifukiza kila jioni. Siidharau. Iliwapa watu kitu cha kufanya pamoja wakati mengi yalikuwa yamesimama, na kufanya jambo kwa mikono yako kunatuliza. Lakini nyungu haiui kirusi, na maji yanayochemka chini ya blanketi yanaunguza. Mtoto asiingizwe kabisa. Na mtu anayehema kwa shida asifukizwe, apelekwe hospitali.

Hatua ya tatu: jifunze kutofautisha hofu na ugonjwa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona watu wengi wakihangaika.

Ukishtuka, mwili unamwaga homoni ya adrenalini. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi, tumbo linavuruga. Mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Ukikutana na nyoka kwenye mikorosho, hiyo ni neema. Lakini hofu ya mlipuko haina nyoka wa kukimbia, basi mwili unabaki umewashwa siku nzima: usingizi unakatika saa nane usiku, shingo inauma, unamfokea mtoto kwa kikombe kilichovunjika, unasahau ulichofuata chumbani.

Sasa fikiria mtu huyo yuko katikati ya ugonjwa wa mapafu. Kifua kinambana, anahema haraka, anasema, "Tayari, nimeupata." Hofu inapanda, kifua kinazidi kubana. Mwaka 2021, wakati watu wengi hawakupenda kuutaja ugonjwa kwa jina na tulikuwa tukisema "changamoto ya kupumua", kijana mmoja wa bodaboda alinigongea usiku wa manane akiwa na hakika anakufa. Hakuwa na homa wala kikohozi. Vidole vilikuwa vinamchonyota, midomo imekufa ganzi. Tulikaa kwenye ngazi, mimi upande huu, yeye upande ule, tukahesabu pumzi. Dakika kumi na tano baadaye alikuwa anaongelea pancha ya tairi la nyuma.

Kubanwa kunakoletwa na hofu huja ghafla, hufika kileleni ndani ya dakika kama kumi, kisha hushuka. Mara nyingi vidole na midomo huchonyota, na ukipunguza kasi ya pumzi unapata nafuu. Kubanwa kunakoletwa na ugonjwa hakukuachi ukitulia. Huongezeka saa hadi saa, na ukitembea hatua chache unazidi. Mara nyingi kuna homa, kikohozi au uchovu mzito. Midomo ikigeuka rangi ya bluu au kijivu, mtu akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, akichanganyikiwa, au kifua kikiuma kwa kukandamiza, usihesabu pumzi. Tafuta bajaji, nenda hospitali sasa hivi. Na usipoweza kutofautisha, nenda vilevile. Hakuna aibu ya kupimwa ukakutwa mzima.

Zoezi lenyewe la pumzi ni jepesi. Kaa, miguu yote miwili chini, mkono mmoja tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo liinuke. Toa kwa mdomo taratibu ukihesabu hadi sita, kama unapoza uji wa mtoto. Rudia kwa dakika tano. Siri iko kwenye kutoa pumzi ndefu kuliko ya kuvuta. Ndiyo inayouambia moyo upunguze mwendo. Wazee wengi nimewafundisha kwa tasbihi au rozari: punje moja, pumzi moja. Wanashika haraka kuliko sisi vijana. Lifanye kila siku ukiwa mzima, ili siku ya hofu mwili uwe unalijua.

Hatua ya nne: siku iwe na umbo

Machi 16, 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na kesho yake shule zikafungwa. Wanafunzi wengi hawakurudi madarasani hadi Juni 29. Miezi ile mitatu ilinifundisha kwamba siku isiyo na mpangilio huliwa yote na mawazo.

Weka mambo manne yasiyobadilika: saa ya kuamka, saa ya kula mchana, kazi moja ya mwili, na saa ya kulala. Mengine yajipange yenyewe. Kazi ya mwili usiifanyie mzaha. Kupalilia chini ya mikorosho, kuchota maji, au kutembea ufukweni Shangani maji yakikupwa, nusu saa hadi utoke jasho, inapunguza ile adrenalini kuliko kulala kitandani ukitazama dari. Watoto nao wapewe kazi zenye jina: huyu ndoo ya kunawia, yule kuku. Mtoto mwenye kazi anajiona ana nguvu kidogo juu ya jambo lililowashinda hata wazazi.

Kula hata kama hamu haipo. Kipande cha muhogo na dagaa, ming'oko ikiwa msimu wake, embe. Kahawa mwisho adhuhuri.

Na pombe. Msimu wa mabibo uraka ni rahisi, na gongo iko karibu na kila mtu mwenye huzuni. Inaleta usingizi, ni kweli, lakini ni usingizi unaokatika alfajiri, na asubuhi wasiwasi unakuwa mkubwa kuliko wa jana. Nimewaona baba watatu wa mtaa mmoja walioanza kunywa "kidogo tu mpaka ugonjwa upite". Ugonjwa ulipita. Vidonge vya usingizi vya dukani bila cheti cha daktari viko kwenye kundi hilohilo.

Hatua ya tano: tafuta mtu wa kumtulia mzigo, na wewe uwe mtu wa mwingine

Kusini hatuanzi patupu. Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wengi tumelelewa tukijua kwamba jambo zito hupelekwa kwa mjomba. Mwanamke ana somo wake, aliyemfunda unyagoni, anayeweza kumwambia asiyomwambia mume wala mama. Wapo pia shehe, padri na mchungaji. Chagua mmoja. Mwambie wazi: "Mjomba, katika kipindi hiki nitakuwa nakupigia kila Jumatano jioni." Ahadi yenye siku hutimizwa kuliko "tutawasiliana".

Kama ugonjwa unaruhusu kukutana nje, hamishieni baraza chini ya mwembe. Viti mbalimbali, hatua mbili kati ya mtu na mtu, kila mmoja na kikombe chake. Bao nalo linachezeka, mkinawa kabla na baada.

Wewe ukiwa msikilizaji, una kazi tatu: kutazama, kusikiliza, kuunganisha. Tazama kama mtu ana hatari ya haraka, kama amekula, kama amelala. Sikiliza bila kukimbilia kumpa ushauri. Muunganishe na anayehitajika, awe ndugu, zahanati au afisa ustawi wa jamii. Hivi ndivyo mazungumzo yangu na bibi mmoja wa Mikindani yalivyokwenda, nikiwa nje ya kizingiti chake:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Usiingie, kaa hukohuko."

"Nimekaa, bibi. Usiku ulilala?"

"Nilale wapi? Namwaza baba yako mdogo, yuko Dar, simu haipatikani."

"Siku ya ngapi leo?"

"Ya nne."

"Siku nne ni nyingi, bibi. Nani mwingine huko tunaweza kumpigia?"

Sikumwambia "usijali". Neno hilo humfunga mtu mdomo. Wala sikumwambia "mshukuru Mungu, wenzako wana makubwa zaidi". Yeye anamshukuru Mungu kila alfajiri na bado mwanawe hapatikani. Tulipiga simu mbili, ya pili ikampata. Lakini hata isingempata, asingebaki na siku nne zile peke yake.

Hatua ya sita: pesa

Msongo wa mlipuko mara nyingi huvaa nguo ya ugonjwa, kumbe ndani ni ada, kodi na deni la duka. Mama lishe hana wateja, mvuvi hana mnunuzi wa pweza. Kaeni mume na mke, andikeni deni zote kwenye ukurasa mmoja. Deni lililoandikwa, hata likiwa kubwa, halikui usiku. Nendeni kwa mdai kabla hajaja yeye. Wanakikundi wa vikoba waambieni mapema. Vikundi kadhaa ninavyovijua viliahirisha marejesho kwa miezi miwili bila mtu kukosana na mwenzake, kwa sababu tu walikaa na kusema.

Na tafadhali, usiuze korosho zingali maua kwa watu wa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, kwa ajili ya woga wa leo. Akili iliyoogopa inaona mwisho wa wiki, haioni Oktoba mnada ukifunguliwa. Maamuzi makubwa ya shamba, nyumba au ndoa yasubiri mpaka umelala vizuri usiku kadhaa mfululizo.

Hatua ya saba: kufiwa bila matanga

Shangazi yangu alifariki Agosti 2021. Tulimzika watu tisa. Yeye aliyekuwa hakosi msiba wa mtu, kwake hapakuwa na mkeka. Kwa miezi sita sikulia, nikadhani nimekuwa jasiri. Siku moja sokoni nikamsikia mwanamke akicheka kama yeye, nikakaa chini pale penye mafungu ya mchicha nikalia hadi watu wakanizunguka.

Matanga yana kazi. Yanamwambia mfiwa kwamba jambo limetokea kweli, yanampa watu wa kumlisha, na watani wanamchekesha katikati ya machozi ili asizame. Yakizuiwa, kila kazi kati ya hizo itafutiwe njia yake.

Siku ya maziko, mtu mmoja ateuliwe kuwapigia walioshindwa kufika awasimulie yote: saa ngapi, nani alishuka kaburini, dua gani ilisomwa. Wanahitaji kuona kwa masikio. Chakula kipelekwe mlangoni kwa zamu, siku saba, na zamu iandikwe ili siku ya tano isisahaulike, kwa kuwa siku ya tano ndiyo nzito. Watani watume sauti zao kwa simu. Mtani wetu mmoja alituma dakika tatu za kumsema marehemu kwa ubahili wa nazi, na ndicho kicheko pekee nilichocheka wiki ile. Arobaini au misa ya kumbukumbu ipangwe hata kama ni baada ya mwaka. Haijachelewa. Sisi tulimfanyia shangazi khitma kamili mwaka uliofuata, na ndipo dada yangu akaanza kulala.

Watoto waambiwe ukweli kwa maneno mafupi: bibi amekufa, hatarudi, si kosa lako. Ukimwambia mtoto kwamba bibi amesafiri, atasubiri basi la jioni.

Aliyepona naye ana maombolezo yake, hasa watu wanapomkimbia. Uliza zahanati ni lini hawezi kuambukiza tena, siku hiyo ikifika nenda ukanywe naye chai hadharani, mtaa uone. Magonjwa kama Marburg yana hesabu yake: ule mlipuko wa Kagera wa mwaka 2023 ulitangazwa kwisha Juni 2, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Hesabu ya namna hiyo iandike kwenye karatasi ya mlango. Huwapa watu kitu cha kuhesabia.

Hatua ya nane: lini uende kwa mtaalamu

Anayetumia dawa za kifafa, au za sonona na magonjwa mengine ya akili, asiziache. Mlipuko ukitangazwa tu, aombe kliniki dawa za mwezi mzima ikiwezekana, kabla usafiri haujawa wa shida.

Kwa wengine, angalia wiki mbili. Huzuni au wasiwasi ukikaa karibu kila siku kwa wiki mbili, mtu haoni raha kwa alivyovipenda, halali au halali usingizi wa maana, hali chakula, haogi, kazi zimemshinda: hiyo ni hali ya kutibiwa, kama malaria inavyotibiwa. Akisikia sauti zisizosikiwa na wengine, asisubiri wiki mbili. Anzia zahanati au kituo cha afya. Wakishindwa watakupa rufaa kwenda Ligula hapa Mtwara, Sokoine kule Lindi, Ndanda kwa watu wa Masasi, au hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mitengo. Kama familia inataka kwenda kwa mganga pia, sigombani nao, naomba tu hospitali itangulie na mgonjwa asifungwe kamba wala kupigwa. Mtoto anayeteswa au kutelekezwa nyumbani kipindi hiki, piga 116, ni bure.

Mtu akisema "bora nife", au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, muulize kwa upole na kwa maneno yaliyo wazi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi kunamfungua. Usimwache peke yake hata kidogo. Nyumba zetu nyingi zina viuatilifu vya mikorosho chini ya kitanda au nyuma ya mlango wa jiko. Vitoe siku hiyohiyo, vipeleke kwa jirani au ghala la chama, pamoja na kamba na vidonge. Kisha mpelekeni hospitali, wawili, mmoja wake wa karibu.

Sasa rudi kwenye karatasi yako nyuma ya mlango. Chini ya 199 na 116 andika jina la zahanati, jina la mwenye bajaji anayekubali kutoka usiku, na jina la mtu mmoja utakayempigia saa nane usiku kifua kikibana. Halafu mpigie leo, kukiwa hakuna tatizo lolote, umwambie kwamba ndiye uliyemwandika.